Chumba cha Upande wa Gurudumu

Mwachofi amevaa miwani, kalamu sikioni,
anazipepeta hoteli kama maharagwe kwenye ungo:
hii ina nyota tatu, ile kifungua kinywa bure,
hii ni hatua mia nne tu hadi lango la bembea,
ile ni rahisi, ila picha zake zote
zimepigwa usiku.

Mimi nachambua mchicha.
Kisha nasema: usinihesabie nyota, baba Wakio.
Niulize shuka.
Niulize bomba lipi hukohoa kabla ya kutoa maji,
lifti ipi hugonga ukuta saa kumi alfajiri,
zulia lipi lilimwagikiwa mvinyo mwaka wa uchaguzi
wakaligeuza.
Miaka sita nilitandika pale.
Kila godoro nalijua uzito.

Anavua miwani. Habari hizo anazo,
ila zilikuwa zimemtoka, kama mtu asahauvyo
kwamba mkewe aliwahi kubeba jina kifuani
kwenye kibati.

Tuchukue mia nne kumi na saba, nasema,
si kile cha nyuma kinachotazamana na jenereta.
Elfu mbili zaidi.
Kabichi zimeuzwa vizuri. Andika.

Treni iliyotutoa Voi ilikawia njiani,
Syokimau tukashuka jua limeshainama.
Dereva wa teksi, Githaiga, kijana wa maneno,
alitaka kutupeleka kwa binamu yake Kinoo:
"Pasafi, mama, na kuku wapo."
Nikamwambia, njia nitakuonyesha mimi.
Shika baipasi, toka Kikuyu, halafu...

Halafu sikujua.
Barabara hii haikuwepo.
Madaraja yamekunjamana juu ya Wangige
kama mikeka iliyotupwa na mtu mwenye haraka.
Githaiga akatabasamu kwenye kioo, hakusema kitu.
Nilikuwa na chumba Ndenderu, mabati matupu,
mlango wa buluu, jirani mwenye cherehani.
Nikakitafuta mkono wa kushoto, nikakitafuta wa kulia,
mpaka nikaelewa kwamba tunakipita kwa juu,
kilomita themanini kwa saa,
na mtoto amelala.

Mapokezi, binti mwenye kucha za zambarau:
"Umewahi kukaa kwetu, madam?"
Nikafikiri.
Nikajibu, sijawahi kulala.
Akaandika: mgeni mpya.

Wakio alikimbilia dirishani hata viatu hajavua.
Lile pale, limewaka lote, linazunguka taratibu
juu ya mapaa ya magari.
"Mama," akasema, "mbona dogo?"

Sikuwa na jibu.
Kioo hicho nilikifuta asubuhi elfu mbili,
kiganja kikizunguka na lile likizunguka,
na mimi nililiona kubwa.
Balbu mbovu nilizijua kwa idadi.
Kulipanda, sikulipanda: zamu ilipokwisha
miguu ilitaka beseni la maji ya chumvi tu.

Asubuhi Mwachofi anafunga kamba za viatu,
ananikuta nimepiga magoti, nakunja pembe ya shuka.
"Acha, kuna mtu wa kazi hiyo."
Yupo, nasema. Najua.
Namalizia pembe moja, tatu naziacha.
Noti ya mia mbili siiweki chini ya mto,
huko mto hukung'utwa kwa pupa, noti ikaenda na nguo za dobi.
Naiweka chini ya glasi, karibu na birika,
hapo mkono hufika kwanza.
Wakio amebonyeza vitufe vyote vya lifti.
Tunasimama kila ghorofa, milango inafunguka,
hakuna anayeingia.

Huko juu upepo ni wa Limuru, baridi, wenye harufu ya mvua.
Kiti kinayumba. Mwachofi amefumba macho
na kusema ameyafumba kwa sababu ya jua. Jua liko wapi?
Wakio ananishika kidole, anahesabu madirisha,
ghorofa ya nne, la tatu kutoka pembeni.
"Mama, kuna mtu chumbani kwetu! Anatupungia!"

Hatupungii. Anafuta kioo.

Nikapunga.